Marehemu Wetu na Haki ya Waliobaki

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei wa Nachingwea na Ruangwa)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kuwakumbuka marehemu wetu. Kwa kawaida mada ya namna hii hutolewa na watu wa liturujia, na huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini safari hii imeletwa na Tume ya Haki na Amani. Sababu ni kwamba mashauri mengi yanayoletwa mbele yetu yana kaburi nyuma yake. Mtu amekufa, amezikwa kwa heshima, ameombewa Misa, watu wamekula arobaini na kutawanyika. Baada ya miezi michache mjane anabisha hodi parokiani akiwa na watoto, na shamba hana.

Mwezi wa Novemba Kanisa huwaombea marehemu wote. Kwetu huku Novemba ni mwezi wa korosho pia. Basi katika majuma yale yale tunaposoma majina ya marehemu mbele ya altare, maghala ya vyama vya msingi yanapokea korosho zilizookotwa chini ya miti waliyoipanda marehemu hao. Nani anaziokota? Na nani anatia sahihi ili apokee fedha? Ningependa tuyashike maswali hayo mawili katika mazungumzo yetu yote ya leo.

Kuwakumbuka ni wajibu mwema

Kwanza nieleweke: sikuja kupiga vita matanga. Zamani walikuwapo watu waliodhani kwamba kila linalofanyika msibani zaidi ya sala ni upagani. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka aliousaini mjini Yaoundé tarehe 14 Septemba 1995 kufuatia Sinodi ya Afrika, aliandika kwa heshima juu ya namna Waafrika wanavyowaenzi wazee waliotangulia. Aliona kwamba desturi hiyo inatoka katika kupenda uhai, na katika kuhisi kwamba waliokufa wangali wanaishi na wangali na ushirika nasi. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo tunasoma jinsi Yuda alivyochangisha baada ya vita, akapeleka Yerusalemu drakma 2,000 za fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliouawa. Mwone kwamba mchango ule haukuliwa na waliochanga.

Yupo pia mama mmoja Mwafrika ambaye habari yake yafaa isomwe kila tunapopanga arobaini. Ni Mtakatifu Monika, mama yake Agostino. Huko kwao Afrika ya Kaskazini, Wakristo walikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai makaburini mwa mashahidi, wakaonja na kugawana hapo kwa kumbukumbu. Alipohamia Milano aliendelea vivyo hivyo, mpaka mlinzi wa mlango akamzuia. Askofu Ambrosi alikuwa amepiga marufuku jambo hilo, kwa kuwa lilikuwa limewapa walevi nafasi, tena lilifanana mno na karamu ambazo wapagani waliwafanyia wafu wao. Monika hakununa, wala hakuacha kwenda makaburini. Aliacha kikapu nyumbani akaenda na sala, na vile alivyoweza kutoa akawapa maskini. Hata alipokuwa mahututi huko Ostia mwaka 387, mbali na kaburi la mumewe ambako siku zote alitaka alazwe, aliwaambia wanawe wasihangaike juu ya mwili wake. Aliwaomba wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Yote mawili ameyaeleza mwanawe katika Maungamo.

Katika desturi zetu wenyewe liko jambo moja ambalo mimi nalipenda kuliko wasifu wa marehemu tunaousoma kwa kipaza sauti, nalo ni kazi ya watani. Mtani huja msibani akavaa kofia ya marehemu, akashika fimbo yake, akatembea kama alivyotembea, akakohoa kama alivyokohoa, akawadai watu fedha kama alivyowadai. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Katika wasifu kila marehemu alikuwa mcha Mungu na mpenda watu. Mtani humrudisha kati yetu jinsi alivyokuwa, pamoja na ubahili wake. Ningeomba makatekista msiwafukuze watani, mradi wasitukane na wasinyang'anye.

Gharama ya arobaini

Sasa tuje kwenye kikapu chetu. Marehemu akiisha kuzikwa, matanga huanuliwa na watu huhesabu siku hadi arobaini. Siku ile inataka mchele, mbuzi au ng'ombe, kuni, maji, maturubai, na siku hizi muziki. Zamani kila jirani alikuja na kibaba chake cha unga, na mfiwa alikuwa mtu wa kupokea. Taratibu jambo limegeuka, mfiwa akawa mwenye kulisha.

Fedha hutoka wapi? Kama kifo kimetokea Machi au Aprili, korosho bado ziko mbali. Ndipo mjane anapokwenda kwa mtu wa kangomba. Mnaifahamu kangomba: mfanyabiashara anatoa fedha leo, kisha msimu unapofika anajilipa kwa korosho, kwa bei aliyoipanga yeye na kwa kipimo chake yeye. Shibe ya siku moja inalipwa kwa mavuno ya mwaka. Salfa ya mwezi wa Juni haikununuliwa, ubwiri unga ukashambulia maua, na hata hizo korosho za kumlipa mdai zikawa pungufu. Nani basi amemheshimu marehemu hapo? Alihangaika kuwalisha watoto wake, nasi tumekula chakula chao kwa jina lake.

Rambirambi nazo zina daftari. Mara nyingi daftari hilo huandikwa na shemeji au binamu, nalo huondoka naye. Naona inafaa katibu wa jumuiya awepo linapofungwa, jumla isomwe mbele ya mjane na watoto wakubwa, na fedha iliyobaki baada ya mazishi ikabidhiwe kwao mbele ya mashahidi. Wako watakaosema kwamba tunawashuku ndugu wa marehemu. Mtu mwaminifu hufurahi hesabu yake isomwe.

Mjomba, mpwa na mkorosho

Nafika mahali ambapo pana ugumu zaidi, na nawasihi tuzungumze bila kukasirikiana.

Sisi wa pande hizi, Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, kwa asili tunafuata ukoo wa mama. Wageni wakisikia kwamba mali ya mtu huenda kwa wapwa wake na watoto wake hubaki mikono mitupu, hushangaa na kusema ni ukatili. Mpango huo haukuwa wa kikatili. Ulikuwa na mizani yenye pande mbili. Mume alipokufa, vitu vyake vilirudi kwa wapwa zake, na watoto wake nao walikuwa na haki kwa mjomba wao. Mke alikuwa na ardhi ya mama zake ya kurudia, na kaka aliyewajibika kwake. Tena mali yenyewe ilikuwa nini? Jembe, shoka, gobori, nguo, nafaka ya ghalani. Shamba lenyewe lililimwa miaka michache likaachwa liote msitu, watu wakafyeka jingine.

Mkorosho umeivuruga mizani ile. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 huchukua miti 28 hivi, na mti huo huzaa miaka mingi hata baada ya aliyeupanda kuzikwa. Wanaoupanda, kuupalilia, kuupulizia na kuokota chini yake ni mume, mke na watoto wa nyumba ile. Mpwa aliyeko Dar es Salaam hajawahi kubeba mfuko wa salfa begani. Siku ya arobaini anakuja na suti, na kesho yake anahesabu miti.

Na jambo linaloumiza zaidi ni hili. Mjomba wa upande wa pili, ambaye kwa mila angewapokea watoto hao, naye siku hizi anataka mikorosho yake iende kwa watoto aliowazaa mwenyewe. Simlaumu kwa kuwapenda wanawe. Lakini tazameni wanachoambiwa yatima. Kwa baba yao wanaambiwa, "Ninyi ni wa ukoo wa mama yenu." Wakienda kwa mjomba wanaambiwa, "Ninyi mlikuwa na baba yenu." Mila imebaki na mkono wa kuchukua, mkono wa kutoa umekatwa. Watu wanaochagua kipande cha mila kinachowaletea mali, na kukisahau kile kinachowadai kulea, hawana haki ya kusema kwamba wanawatii wazee.

Nao ndugu zetu Waislamu, ambao tunaishi nao nyumba kwa nyumba, na mara nyingi ndani ya ukoo mmoja, wana fungu lililoandikwa: mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumuni, na ambaye mumewe hakuacha mtoto hupata robo. Mtu aweza kusema thumuni ni ndogo. Lakini imeandikwa, na shehe anaweza kuisoma mbele ya ukoo. Nasi Wakristo, ambao tumeimba kanisani kwamba wawili wamekuwa mwili mmoja, tunaye mjane asiyepata hata mti mmoja. Hilo linaniaibisha kama padre.

Mambo ya sheria ambayo kiongozi apaswa kuyajua

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema kwamba mjane yuko huru kukaa anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Kwa hiyo shemeji hamrithi mjane kama anavyorithi baiskeli. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Kesi ile ilihusu talaka, lakini hoja yake yapasa kukumbukwa pia katika vikao vyetu vya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au walemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi.

Lakini nisiwadanganye kwamba sheria zetu zimenyooka. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo liliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, linamnyima mjane urithi ikiwa mume ameacha jamaa wa ukoo wake. Wajane wawili waliofukuzwa na ndugu wa waume zao walilipinga mbele ya Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba mila hizo zina ubaguzi, ila haikuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema kwamba haki zao zilivunjwa, ikaitaka nchi yetu irekebishe sheria. Ni safari ndefu kwa watu waliotaka tu kubaki katika nyumba zao.

Kwa matumizi ya vijijini, njia ndiyo hii. Ukoo unakaa na kuandika muhtasari unaompendekeza msimamizi wa mirathi. Mjane na watoto wakubwa wawepo na watie sahihi, na wakikataa jina lililotajwa, kukataa kwao kuandikwe. Muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi aseme, kisha humteua msimamizi. Sikilizeni vizuri neno hilo: msimamizi. Hakupewa mali iwe yake. Ndani ya miezi minne anatakiwa kuirudishia mahakama orodha ya mali yote na madeni yote, na baadaye hesabu ya mgawanyo. Akila mali, warithi wanaweza kuomba aondolewe. Hakuna sheria inayomzuia mjane kuwa msimamizi. Wengi wetu tunafikiri ni lazima awe mwanamume.

Na ninyi wanaume mliokaa hapa mkiwa hai, andikeni wosia. Mwandike wakati mna afya na akili timamu, mbele ya mashahidi, mtaje shamba kwa mipaka yake na miti kwa idadi yake. Najua inasemwa kwamba kuandika wosia ni kujiitia kifo. Hata wasioandika hufa.

Wasio na mtu wa kuwataja

Niongeze jambo fupi, kwa kuwa tumezungumza juu ya kumbukumbu. Udongo huu una marehemu ambao hakuna ukoo unaowaombea.

Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Kasiani Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, na baadaye mwezi ule ule Sista Walburga aliuawa Misheni ya Nyangao iliposhambuliwa. Majina yao tunayo, na tunafanya vema kuyasoma. Lakini katika vita ile ya Majimaji Serikali ya Wajerumani yenyewe ilikadiria kwamba watu 75,000 walikufa, na wanahistoria wa baadaye wametaja kati ya 250,000 na 300,000, walio wengi kwa njaa iliyofuata mashamba na maghala yao kuchomwa moto. Hao ni babu na bibi zetu. Sala yetu ya Novemba isiyowataja haijatimia.

Hapa Nachingwea walikaa pia wapigania uhuru wa Msumbiji, na wengine wao walifia hapa. Kambi hiyo hiyo mwaka 1975 ilionyesha hadharani wafungwa wa chama chao wenyewe, mmojawapo Padre Mateus Gwengere. Walipelekwa Msumbiji wakauawa bila hukumu ya mahakama, na miili yao haikurudishwa kwa jamaa zao. Jimbo letu lilianza kwa jina la Nachingwea mwaka 1963 kabla ya kuitwa Lindi mwaka 1986. Padre aliyeletwa mbele ya umati katika mji huu amestahili angalau Misa moja katika mji huu.

Kwa Ruangwa lipo la kuangalia mbele. Ardhi yenu ina kinywe, na mahali madini yanapochimbwa, makaburi huweza kuhamishwa. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inataka jamaa wapewe taarifa, na inaruhusu walipwe fidia ya gharama. Lakini anayepewa taarifa ni yule anayejulikana. Kaburi lisilo na alama wala mtu wa kulisemea litahesabiwa kuwa kichuguu. Wazee waende na vijana wakawaonyeshe nani amelala wapi, na majina yaandikwe sasa.

Utaratibu wa mwezi huu

Kila mwaka jumuiya huleta daftari la majina ya marehemu. Safari hii daftari litakuwa na safu tatu. Ya kwanza ni jina la marehemu, kama kawaida. Ya pili ni jina la mjane, mgane au mlezi wa watoto, na mahali anapoishi sasa. Ya tatu ni kama mirathi imefunguliwa mahakamani, na jina la msimamizi. Safu ya tatu ikiwa tupu, msione haya kuileta tupu. Wajumbe wawili wa tume, mmoja wao awe mama, watakwenda kumwona aliyeandikwa katika safu ya pili kabla ya Dominika ya Kristo Mfalme. Waende bila kelele, na wasiende siku ya mnada wa korosho.

Nia za Misa zitapokelewa kwa kiasi chochote, na asiye na kitu aandikwe vilevile. Jumamosi asubuhi tutafyeka makaburi ya misheni, kuanzia upande wa chini ambako misalaba imeanguka. Mje na majembe na panga, na mwenye kumbukumbu ya makaburi yale ya zamani aje hata kama hawezi kulima.